Kwako P, Huku Chini R

Kila asubuhi, kabla nyayo zake hazijagusa sakafu, Mkunga alijifanyia mtihani. Alilala chali, macho kwenye dari, akapanga kichwani vifaa vya kuzalishia kama alivyokuwa akivipanga kwenye sinia miaka yote ya kazi yake: glavu, mkasi, vibanio viwili, uzi wa kitovu, pamba, kitambaa cha kumpokelea mtoto, beseni. Kisha alivirudia kinyumenyume, akianzia kwenye beseni. Akifaulu hapo alihamia kwa watoto. Wa kwanza kumpokea kwa mikono yake alikuwa wa muuza mkaa. Wa pili, wa karani wa posta. Wa tatu na wa nne walikuwa mapacha wa mwalimu wa hesabu, ambaye alipoambiwa wamekuja wawili aliomba wahesabiwe upya. Alikwenda hivyo mpaka wa arobaini. Siku aliyokwama kwa wa ishirini na saba, hakunywa chai.

Hakuna aliyejua habari za mtihani huo. Binti yake alipita mlangoni na ndoo ya nguo, akamwona mama yake anatikisa midomo, akadhani anasali. Akapita kwa kunyata.

Sababu ya kujitahini alikuwa nayo. Miezi miwili nyuma gari lake lilivunja ukuta wa jirani, na tangu hapo familia ilianza kusema, kwa sauti za chini na maneno ya upole, kwamba kichwa chake kimeanza kusahau. Naye akaanza kuwaamini. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu akikwambia umeibiwa, unaweza kwenda kukagua kabati. Akikwambia akili zinakutoka, utakagua kwa kutumia nini?

Mambo yalikuwa hivi. Mkunga alikuwa mjane aliyeishi peke yake katika nyumba yake ndogo kilimani, na gari aliachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa gari la otomatiki, kuukuu kiasi kwamba hata rangi yake ilibishaniwa: yeye alisema ni ya maziwa, jirani yake mshonaji alisema ni ya vumbi. Tangu astaafu alilitumia zaidi kwa kazi moja. Mwanamke wa kilimani akishikwa na uchungu, au mzee akibanwa na kifua, mlango wa Mkunga uligongwa, naye akawasha gari akampeleka mgonjwa hospitali, chini bondeni. Hakuwa kazini tena, lakini alikuwa na gari na alikuwa na mikono isiyotetemeka, na kilimani hapakuwa na mwingine mwenye vyote viwili.

Siku ya mkasa alitoka sokoni. Akaegesha mbele ya mlango wake, pale palipoinama, akasukuma gia mpaka P, herufi ya kuegesha, akaiona P kwa macho yake mawili, akavuta breki ya mkono, ambayo kwa uzee wake ilikuwa ya kusalimia tu, akaingia ndani na vitunguu vyake. Alikuwa anatafuta kisu aliposikia kishindo. Gari lilikuwa limerudi nyuma lenyewe, polepole, kama mgeni aliyekumbuka ana safari, likaenda kukaa ndani ya ukuta wa mshonaji. Hakuumia mtu. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani upande wa pili, na baadaye alisema kwamba siku hiyo alishona mstari mrefu kuliko yote ya maisha yake.

Wanaume wa mtaa wakaja mbio. Wakavuta gia mpaka N ili gari lisukumike, wakalitoa ukutani, wakaweka jiwe nyuma ya gurudumu, wakaenda zao. Mkunga wakati huo alikuwa ndani kwa mshonaji, anampa maji ya kunywa, kwa hiyo hayo hakuyaona. Baada ya saa moja akafika mkwe wake, mume wa binti yake. Akafungua mlango wa gari, akatazama gia. Iko N.

"Mama," akasema taratibu, "uliliacha N."

"Niliweka P, baba."

"Najua ulitaka kuweka P."

Ulitaka kuweka. Afadhali angemgombeza. Mtu akikugombeza unapata pa kujibia. Akikuhurumia, unabaki umeshika mdomo. Na kwa kuwa shida ikija haiji peke yake, vitu vidogo vilivyokuwa vimelala vikaamshwa vikapangwa mstari: maharage yaliyoungua wiki iliyopita, siku alipomwita binti yake kwa jina la shangazi mtu, miwani iliyotafutwa nyumba nzima ilhali iko kichwani. Kabla ya jioni nguo zake zilikuwa kwenye mkoba. Gari likakokotwa kwa kamba mpaka uani kwa mkwe, na ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa begi lake la kazi.

Mkwe hakuwa mtu mbaya, na hilo Mkunga alilisema kila alipopata wa kumwambia. Alikuwa mpima ardhi, mtu aliyezoea kupima kila kitu mara mbili na kuweka kigingi pale kipimo kiliposema, asibishane na macho. Yeye na mkewe walikihamisha kila kitu kilichokuwa kwenye chumba cha stoo, wakakipaka chumba hicho rangi, wakatundika pazia, wakaweka kitanda. Pembeni ya mto mkwe akaning'iniza kengele ndogo, mama akihitaji kitu aigonge. Mkunga alishukuru kitanda, alishukuru pazia, alishukuru chai iliyokuja mezani kabla hajaomba. Alishukuru hata kengele, ingawa hakuigusa siku moja. Shukrani zake zilikuwa za kweli, na kila moja ilikuwa na mwiba mdogo ndani yake, kama samaki mtamu.

Siku moja mshonaji alikuja kumtembelea. Wakazungumza ya ukuta, ambao ulishajengwa, ukatoka mzuri kuliko ule wa zamani. "Kama ungegonga na ule wa jikoni ningekushukuru," mshonaji akasema. Wakacheka. Kisha akasema, akiangalia kikombe chake, kwamba mke wa seremala alijifungua kando ya njia, wakisubiri gari la kukodi lililochelewa kupanda kilima.

"Wakoje?"

"Wazima wote wawili."

"Kitovu alikata nani?"

"Mimi," akasema mshonaji. "Kwa mkasi wa kazini. Niliuchemsha kwanza, kama ulivyonifundisha. Lakini Mkunga, mimi ni mtu wa vitambaa."

Mkunga alimshika mkono akamshukuru kwa niaba ya mtoto asiyejua kusema. Asubuhi iliyofuata, kwenye mtihani wake, alikwama kwa mtoto wa tisa.

Wiki hiyohiyo mkwe akapata mnunuzi wa gari. Akalieleza jambo hilo mezani kwa uangalifu, akisema "sisi" na "sote" mara nyingi. Mnunuzi alilipenda ila alikuwa na lalamiko moja: gia inacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Irekebishwe kwanza. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ninyi mnaona mbali kuliko mimi. Ahsanteni kwa kunifikiria." Akaenda kuosha vyombo, na sahani moja aliiosha muda mrefu sana.

Fundi alikuja asubuhi, binti na mkwe wakiwa wanatoka kwenda kazini. Mkwe alimpa ufunguo langoni, akamwonyesha gari, akaondoka. Fundi huyo alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na mji mzima ulimwita Bado Kidogo, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja aliyeuliza gari lake liko tayari. Waliosubiri kwake walisema unaweza kuoa ukazaa ukisubiri hiyo kidogo iishe. Lakini walirudi kwake hao hao, maana gari lililotoka mikononi mwake halikurudi kwa ugonjwa uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Bado Kidogo?"

"Ndivyo wanavyonisingizia."

"Na gari litakuwa tayari saa ngapi?"

Akalitazama, akakuna kidevu. "Bado..." Akajishika. "Tutaona."

Akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akalipandisha mbele kwa jeki, akaegemeza vyuma viwili vya kulibeba asije akalaliwa, akatandaza boksi la karatasi chini, akajitumbukiza huko mpaka ikabaki miguu tu. Mkunga aliketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa nyumba. Baada ya muda miguu ikazungumza.

"Mama, nina mikono miwili tu na yote iko huku. Naomba ukae kwenye usukani uniwekee gia."

Mkunga hakuinuka. "Nimekatazwa, baba."

"Umekatazwa kuendesha. Na kukaa?"

Akafikiri. "Kukaa hawakusema."

"Basi kaa."

Akakaa. Kiti kilimjua, kilishuka palepale kilipozoea kushuka. Akauweka mkono kwenye gia, mpira wake umechakaa kwa kiganja cha mumewe na chake.

"Weka P," sauti ikatoka chini.

"Nimeweka."

"Weka P, mama."

Akainama, akavaa miwani, akatazama. Mshale mwekundu ulikuwa umesimama kwenye P kama mtu anayepiga saluti. "Baba, nimeweka. Ipo P. Naitazama."

Spana ikagonga chuma mara moja. Kisha: "Kwako ni P. Huku chini ni R."

"Sema tena."

"Kwako P, huku chini R. Na hata hiyo R yenyewe, ya kurudi nyuma, haijakaa vizuri. Hebu vuta mpaka R."

Akavuta.

"Umevuta? Huku hakuna kilichotikisika. Vuta tena moja. Haya, sasa kwako ni N, kwangu ni R. Mkono wako unatembea, gari limelala. Rudisha P."

Akarudisha.

"R," fundi akasema kutoka chini.

Walirudia mara tatu, na mara ya nne Mkunga ndiye aliyeomba. Fundi alipojitoa, mafuta yamemchora mpaka kwenye nyusi, alimfungulia kiganja. Katikati palikuwa na kitu kama kipande cha pete, cheusi, kimemung'unyika upande mmoja.

"Hii inaitwa bushi," akasema. "Kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye gia yako hapo juu, inakwenda kuvuta kamkono kwenye giaboksi huku chini. Mahali vinapokutana panavaa hii, kama gegedu kwenye goti. Ikilika, fimbo inacheza ndani ya tundu. Unasukuma juu, nguvu inaishia njiani, chini hakufiki kitu. Nusu hii imebaki. Nusu nyingine ilishakatika zamani, iko barabarani huko."

"Ikikatika, P haikamati?"

"Itakamata kwa kitu gani? Gari kwenye mteremko linaondoka lenyewe na gia imeandika P."

Mkunga akakichukua kile kipande, akakiweka kwenye kiganja chake mwenyewe, akakigeuza kwa kidole kama anavyogeuza kitovu kuona kama kimekauka. Fundi alirudi chini. Ni rahisi kuiambia miguu jambo ambalo huwezi kuuambia uso, na Mkunga, akiwa bado kwenye usukani, akaiambia miguu ile habari yote: vitunguu, kishindo, ukuta, mkwe kufungua mlango na kukuta N.

Spana ikanyamaza. "Nani walilitoa ukutani?"

"Wanaume wa mtaa. Walilisukuma."

"Mtu akitaka kusukuma gari la otomatiki, huvuta N kwanza. Basi N hiyo ni yao, mama. Si yako."

Fundi akangoja. "Mama, upo?"

"Nipo."

"Au unalia?"

"Nimekaa tu, baba." Baada ya muda akasema, "Ahsante."

"Bado sijamaliza."

"Kwangu umeshamaliza."

Bushi ya gari la umri ule haikupatikana dukani, na Bado Kidogo hakujisumbua kuitafuta. Alitoa kwenye mfuko wake kipande cha nailoni ngumu, nyeupe, ambacho zamani kilikuwa gurudumu la kiti cha ofisi. Akakikata kwa msumeno, akakitoboa, akakilaza kwenye tupa. Akajaribu kwenye tundu, kikabana. Akapiga tupa tena. Mkunga alimtazama jinsi anavyojaribu kwa ncha za vidole, macho yakiwa kwingine, akajua anamtazama mtu wa kazi. Yeye mwenyewe alipima njia ya mtoto kwa vidole hivyohivyo, macho dirishani. Alimletea chai, akaiacha ikapoa, akamletea nyingine.

"Bado kidogo," akasema Bado Kidogo, bila kuulizwa.

Bushi ilipoingia alichukua grisi kwa kidole akaipaka pande zote, akarudisha fimbo, akausukuma mkono wa giaboksi mpaka mwisho wake, akihesabu mibofyo kwa sauti. "Sasa weka P, uishike hapo usiiachie." Mkunga aliishika kama anashika kichwa cha mtoto kinachotoka, si kwa nguvu, si kwa ulegevu, mpaka nati ikakazwa. Kisha wakapima: P, P. R, R. N, N. D, D. Juu na chini wakawa wanazungumza lugha moja.

Binti na mkwe waliporudi alasiri walimkuta Mkunga amesimama uani na sahani ya kikombe mkononi, na juu ya sahani ile bushi iliyoliwa. Aliwaeleza bila kukatika. Binti aliweka mkono mdomoni. Mkwe alikichukua kipande, akakitazama pande zote, akakirudisha sahanini.

"Mama, sibishi. Lakini mafundi nao..." Akamtupia Bado Kidogo jicho. "Samahani, fundi."

"Nimezoea," akasema fundi, akifuta mikono.

"Mimi kazi yangu ni kupima," mkwe akasema. "Litoe gari uani kwa kurudi nyuma, mpaka langoni. Basi. Likitoka salama, nitakula maneno yangu yote."

"Na chumvi nitakuletea," akasema Mkunga, akaingia kwenye gari.

Pua ya gari ilielekea tangi la maji, na ua uliinamia huko. Mkunga akawasha, akakanyaga breki, akavuta gia akiwa anatazama kioo, akaachia breki, akakanyaga mafuta. Injini ikalia kwa nguvu na gari halikurudi nyuma. Likaanza kuteleza mbele. Hatua moja, mbili. Akakanyaga breki, bampa ikasimama shibiri moja kutoka kwenye tangi.

Kuku wa jirani ndiye pekee aliyekuwa na maoni.

Mkwe akaja dirishani. Uso wake haukuwa na ushindi wowote. Ulikuwa wa mtu aliyeomba kipimo chake kiwe kimekosea. "Shuka, mama," akasema kwa upole. "Shuka tupumzike."

Mkunga akatazama gia. Ilikuwa N. Safari hii hapakuwa na wanaume wa mtaa. Aliiweka yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Akatafuta kitasa cha mlango.

"Bado kidogo," ikasema sauti.

Fundi alikuwa amezunguka upande wa pili, akaingia akaketi kiti cha abiria na mafuta yake yote. Akazima injini. "Mkunga, funga macho. Usifikiri. Niwekee R."

Mkono ukaenda moja kwa moja, ukasimama. N.

"Niwekee D."

Mkono ukateremka, ukapita D, ukatulia kwenye 2 iliyo chini yake.

"P."

Mkono ukapanda mpaka juu, na ulipofika huko ukaipiga gia kofi mbili kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anayembembeleza mtoto acheue.

"Fumbua. Nani alikufundisha kuendesha gari hili?"

"Marehemu mume wangu."

"Alikwambia R iko wapi?"

Na hapo ikamjia, waziwazi, sauti ya mtu wake na harufu ya sabuni yake. "Alisema gari letu lina masharti. Ukitaka herufi, iombe kwa jirani yake wa chini. Ukitaka R, nenda N. Ukitaka D, nenda 2. P unaiendea kwa kupanda, nayo haina jirani wa juu, kwa hiyo ipige kofi mpaka ikubali."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Kumi na moja."

Bado Kidogo akamgeukia mkwe, aliyekuwa bado ameinama dirishani. "Umesikia, bwana mpima? Bushi ilianza kulika miaka kumi na moja iliyopita, wao wakaizoea badala ya kuitengeneza. Mimi leo nimelitibu gari. Huo mkono sijautibu. Unaliendesha lile gari gonjwa mpaka sasa, kila herufi mahali pake pa zamani, bila kukosea hata moja. Ungekuwa unasahau, ungekwenda hovyo, leo huku, kesho kule. Huyu mama hajasahau kitu. Tatizo lake anakumbuka mno."

Mkwe aliingiza kichwa ndani, akatazama gia. "Mama, naomba uifanye tena. R, D, P. Macho yamefungwa."

Mkunga akafanya. N, 2, kofi mbili. Akafanya mara ya pili. Vilevile. Mpima ardhi alikuwa amepima mara mbili, na kigingi kilikuwa kimesimama palepale.

"Fundi," akasema Mkunga, na sauti yake ilikuwa ile ya wodini, iliyowafundisha wauguzi wachanga, "niambie jinsi ya kuuachisha mkono ziwa."

"Taja kwa mdomo kabla hujavuta. Na utazame herufi, siyo kioo."

"R," akasema Mkunga kwa sauti, akatazama, akavuta, akaiacha kwenye R. Gari likarudi nyuma kimyakimya, likapita katikati ya ua, likasimama langoni. "D." Likaja mbele. "R." Likarudi. Alifanya hivyo mara sita, binti yake akitembea pembeni kama anayefuata maandamano, akicheka na kufuta macho kwa upindo wa kanga. Mara ya sita mkono ulitaka kuteleza kwenda 2, Mkunga akaupiga kofi dogo. "Hapo siyo kwako tena," akauambia.

Mkwe alikwenda kando akampigia simu mnunuzi, akamwambia gari haliuzwi tena. Alirudi akasimama mbele ya Mkunga kama mwanafunzi. "Nilikutia shaka wewe mwenyewe, mama. Hata ulipokuwa na hakika. Hilo ndilo linaloniuma."

"Ulinipa kitanda, baba. Ulininunulia kengele. Mtu asiyejali hanunui kengele." Akamshika bega. "Lakini maneno yako uyale. Chumvi iko jikoni."

Bado Kidogo alikuwa anakusanya spana. Mkunga akamwendea, akaishika mikono yake miwili yenye grisi na hakuiachia upesi. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeshukuriwa: na wanaume waliokimbia na kanga mikononi, na mabibi, na wanawake waliochoka hata kusema. Alizoea kujibu "haya, haya" huku ananawa. Sasa alijua kwa nini walikuwa wanamng'ang'ania.

"Haya, haya," akasema fundi, akitafuta kitambaa chake.

Asubuhi iliyofuata Mkunga aliamka, na miguu ilikuwa sakafuni kabla hajakumbuka kujitahini. Alikunja shuka, akakunja blanketi juu yake, akaweka mto juu ya blanketi. Binti alimkuta anafunga mkoba.

"Mama, kwa nini usikae tu? Gari liko hapa, chumba kipo. Umetuzoea."

"Nimewazoea, ndiyo. Kama tulivyoizoea ile bushi." Akambusu kwenye paji la uso. "Umenitunza, mwanangu, na nimeonja utoto uzeeni, wangapi wanapata? Nashukuru mpaka sina pa kuziweka shukrani. Lakini mke wa fundi bomba wa kilimani ana mimba ya miezi tisa, na mshonaji ni mtu wa vitambaa."

"Na ukipata shida?"

"Nitakupigia. Na wewe ukipata shida, nipigie. Mimi ndiye mwenye gari."

Mkwe alikuwa ameshalitoa gari nje ya lango. Mkunga akapita kwenye ukumbi na mkoba wake, akapita jikoni, akapita ua kwa miguu, taratibu, akisalimia tangi la maji kwa jicho la pembeni. Langoni akawakumbatia wote wawili. Alipofungua mlango wa gari ndipo akasimama: kandambili zake. Alizisahau chumbani, chini ya kitanda, upande wa ukuta, ya kushoto imelalia ya kulia. Alizikumbuka vizuri kabisa zilivyokaa.

Hakurudi kuzifuata. Aliketi, akavaa miwani, akasema "D" kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, akaenda zake.